Meza Iliyongoja Jua

3 Machi

Shajara hii nimepewa na Wifi, mke wa kaka yangu ninayeishi kwake. Aliipata bure dukani aliponunua sabuni. Ina kufuli dogo la plastiki, na kufuli limevunjika nilipolifungua mara ya kwanza. Wifi amecheka hadi akakaa chini.

"Basi andika ukweli tu," amesema, "maana kusomwa utasomwa."

Ukweli ni huu: leo nimeanza kazi, na ninaogopa.

Mimi ni karani wa karakana ya samani. Nina chumba chenye dirisha la kioo linalotazama mafundi, kiti kinachozunguka, kalenda na simu. Simu ndiyo inayonitisha. Mwenye karakana, ambaye wote wanamwita Tajiri ingawa viatu vyake vimekwisha visigino, amenieleza kazi akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Mteja akipiga, mwambie ndiyo. Mengine tutayaona mbele ya safari."

Kisha akaongeza kwamba nipo kwa majaribio mpaka mvua ziishe. "Hapo tutatazamana. Ama nikuajiri, ama tuagane vizuri."

Nimesoma mpaka nikapata cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, lakini hakuna mahali walipotufundisha kuagana vizuri.

5 Machi

Simu imelia. Nimeipokea. Walikosea namba. Mimi ndiye niliyewaomba samahani.

6 Machi

Nimewafahamu mafundi. Maseremala wako uani, wanapiga randa na kubishana kuhusu mpira. Chumba cha nyuma, chenye madirisha mawili yanayotazama mashariki, ni cha Bi Kesho. Yeye ndiye anayepiga polishi kwa mkono. Samani ikitoka kwa maseremala ni mbao; ikitoka kwake unajiona ndani yake.

Jina hilo amepewa na wateja. Mtu akimuuliza kazi yake itakwisha lini, hujibu, "Kesho." Leo nimemuuliza kama jina halimuudhi.

"Liniudhi kwa nini? Wao wanadhani nimetaja siku. Mimi nasema si leo."

Polishi yake haitoki kwenye kopo la dukani. Ni vipande vyembamba vya rangi ya kahawia, kama maganda ya kitunguu, anavyoloweka kwenye spiriti mpaka viyeyuke. Anachovya pamba, anaifunga ndani ya kitambaa, kisha anasugua mbao kwa mizunguko midogo. Anaacha ikauke. Anasugua tena. Anaacha tena. Nilimtazama saa nzima sikuona tofauti yoyote. Niliporudi baada ya chakula cha mchana amelala juu ya benchi, kanga usoni, anakoroma.

Nimerudi kwenye kiti changu. Mimi ni mgeni.

9 Machi

Nimefanya jambo baya.

Simu imelia asubuhi. Ni wakili, mwanamke mwenye sauti kama anayemsomea mtu wa kupiga chapa, koma na nukta zote zinasikika. Anafungua ofisi yake mwenyewe. Anataka meza ya mikutano, ya mbao ngumu, ya watu wanane, ipigwe polishi kwa mkono.

"Nafungua tarehe kumi na tano Aprili. Itakuwa tayari?"

Nilikuwa nimejiandikia karatasi, kama ninavyofanya siku zote kabla ya kugusa simu. Karatasi ilikuwa mbele ya macho yangu. Imeandikwa: *Nitauliza, kisha nitakupigia.* Nikafungua mdomo kusoma.

"Ndiyo, mheshimiwa," nikasema.

Tajiri amefurahi sana. Bi Kesho hakufurahi. Alikuja ofisini mikono kiunoni.

"Nani kampa tarehe?"

"Mimi. Samahani."

"Ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu. Samahani."

"Hata mvua hukuiuliza?"

Nilidhani ananidhihaki, kumbe alimaanisha. Amenichukua mpaka dirishani kwake na kunionyesha kisahani cha chumvi. Kila asubuhi huiinua kidogo kwa vidole. Chembe zikidondoka zimeachana, hewa ni kavu, anafanya kazi. Zikishikana, hewa ina maji, na polishi haipigwi. Spiriti inapokauka huacha ubaridi juu ya mbao, unyevu unanaswa chini ya polishi, na meza inageuka nyeupe.

"Chumvi ikilia, mimi sigusi," amesema. "Na mvua zinakuja, Bi Samahani."

Basi na mimi nimeshapata jina.

12 Machi

Wifi amenunua birika la umeme. La zamani lilikufa jana. La zamani lenyewe alilinunua sikukuu iliyopita.

"Kwa nini usinunue la kudumu?" kaka amemuuliza.

"Mume wangu, kila birika linanipa miezi mitatu ya furaha tupu. Nitajie mtu mwingine wa nyumba hii anayetoa hiyo."

Kaka ameendelea kula.

26 Machi

Maseremala wamemaliza. Meza ni ndefu, nzito, imebebwa na watu wanne hadi chumba cha nyuma. Miguu yake imeungwa bila msumari hata mmoja. Bi Kesho ameizunguka, ameipapasa chini na juu kama anayemkagua mtoto homa, kisha ameanza msasa. Chumvi ni kavu. Nimepumua.

30 Machi

Amepiga polishi siku zote hizi. Wakili amepiga simu kuuliza. Nimesema inakwenda vizuri, na kwa mara ya kwanza lilikuwa jambo la kweli.

31 Machi

Mvua imeanza, kubwa, ya upepo. Chumvi imelia.

1 Aprili

Chumvi imelia.

2 Aprili

Chumvi imelia. Bi Kesho amelala benchini.

3 Aprili

Leo ameingia Shemeji, ndugu wa mke wa Tajiri. Anauza meza zinazokuja ndani ya maboksi bapa: vumbi la mbao limegandishwa kwa gundi, juu yake karatasi yenye picha ya mbao. Ni mtu mchangamfu, ananukia vizuri, na anakumbuka majina ya watu. Amefungua boksi moja hapa ofisini, akaunga meza nzima kwa ufunguo mdogo huku akiongea na simu, sikio begani. Alipokata simu, meza ilikuwa imesimama. Nitaandika ukweli: nilivutiwa. Ni meza nzuri kwa macho.

"Dada yangu," ameniambia, "watu siku hizi wanahama kila mwaka. Meza ya kudumu miaka mia ataibeba nani?"

Nimeipapasa meza yake. Ilikuwa laini, haina doa.

Anachotaka ni chumba cha nyuma, akifanye ghala la maboksi. Tajiri ametuita, mimi na Bi Kesho, akasema mbele ya Shemeji huku akitazama kalenda badala ya kututazama sisi.

"Meza ya wakili ikitoka kwa tarehe yake, chumba kinabaki cha polishi. Isipotoka, Bi Kesho atapumzika, chumba nitampa Shemeji. Na wewe karani, uliyesema ndiyo, hutafika mwisho wa majaribio."

Yeye ndiye aliyeniambia niseme ndiyo. Hilo nimelisema kimoyomoyo, kwa sauti kubwa sana.

Bi Kesho amejibu tu, "Tumesikia," akarudi kulala.

4 Aprili

Chumvi imelia.

6 Aprili

Chumvi imelia. Namkasirikia. Chumba chake kinataka kuchukuliwa, kazi yangu inataka kwenda, na yeye anakoroma.

7 Aprili

Nimemwendea. Nilikuwa nimejiandikia karatasi.

"Bi Kesho, samahani, lakini unawezaje kulala?"

Ametoa kanga usoni. "Nimechoka, na kazi hakuna. Wewe ukikosa kazi unafanyaje?"

"Napanga kalamu."

"Basi bora mimi."

Tumecheka wote wawili, na hasira imeniisha bila kunipa taarifa. Amenipa kipande cha mbao kibovu na pamba yake ya zamani, nijaribu, hata kama kitageuka cheupe. Nikaweka pamba juu ya mbao na kuanza kuizungusha. Simu ikalia ofisini. Nikashtuka, mkono ukasimama. Pamba ikanasa. Nilipoivuta ilitoka na ngozi yote ya polishi.

"Usisimame juu ya kazi!" amepiga kelele. "Unaingia ukiwa unatembea, unatoka ukiwa unatembea. Ukisita, inakushika."

Aliyepiga simu ni wakili. Nikamwambia inakwenda vizuri.

8 Aprili

Chumvi imelia. Nimekula chakula changu cha mchana chumba cha nyuma. Bi Kesho anasengenya vizuri sana. Nimejua mambo ya Tajiri ambayo siwezi kuyaandika kwenye shajara isiyo na kufuli.

10 Aprili

Chumvi imelia. Tajiri amesimama mlangoni kwangu. "Nimeshampata karani mwingine, anangoja nafasi yako," amesema. "Ni kwa taarifa tu." Nilikuwa natoka machozi Bi Kesho alipoingia kuomba spiriti. Ameniangalia, hakuuliza, ametoka bila spiriti.

11 Aprili

Naandika mchana, mlango wa ofisi nimeufunga.

Asubuhi nilipofika, chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyo na kelele, inayoingia kila mahali. Bi Kesho alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Sikuwahi kumwona ameketi sakafuni.

Niliitazama meza. Nusu yake ilikuwa bado ya kahawia, inang'aa. Nusu nyingine ilikuwa nyeupe, kama mtu mkubwa amekihemea kioo na pumzi yake ikakataa kuondoka. Nikapitisha kidole. Weupe hauko juu. Uko ndani.

Kisahani cha chumvi kilikuwa dirishani. Chumvi yote ilikuwa bonge moja.

"Uliona imelia," nikasema.

"Niliiona."

"Sasa kwa nini?"

Amejikuna kichwa kwa mkono uliojaa polishi. "Mimi chumba nikinyang'anywa, nitapiga polishi hata chini ya paa la jirani. Wewe ungekwenda wapi na hiyo karatasi yako yenye dhahabu? Nikasema labda, nikapiga. Miaka yote hii sijasema labda. Leo nimesema."

Nimeketi sakafuni pembeni yake. Tulikuwa watu wawili tunaotazama miguu ya meza.

"Inatoka?" nimeuliza.

"Inatoka. Jua likija, napitisha spiriti kidogo kidogo, polishi inafunguka, maji yanakwenda zake. Kisha naanza tena kupandisha. Lakini jua lije."

"Lini?"

Amenitazama. Hakusema kesho. Amesema, "Sijui, mwanangu," na nimeshukuru kuliko kama angeniambia tarehe.

Tajiri amekuja, ameona. Hakupiga kelele. Alitoka akampigia Shemeji, na wote wawili wakaja ofisini kwangu wakiwa na sura za watu waliopata suluhisho. Shemeji anayo meza ya watu wanane, rangi ileile ya kahawia. Kesho kutwa itapelekwa kwa wakili. Mimi nitampigia simu nimwambie meza yake iko tayari.

"Hatajua?" nimeuliza.

"Nani anayeinama kutazama chini ya meza?" amesema Tajiri.

"Hata akijua, itakuwa imeshafika," amesema Shemeji kwa upole. "Dada yangu, usijitese. Ni meza. Anaweka karatasi juu yake, basi."

Wameniachia simu.

12 Aprili

Nimempigia.

Nataka kuandika kila kitu kama kilivyokuwa, kwa sababu sidhani kama nitaamini baadaye.

Jana nilirudi nyumbani bila kupiga. Asubuhi nikaandika karatasi mbili. Moja ilisema meza iko tayari. Nyingine ilisema kweli. Nikaziweka mbele yangu, nikainua simu, na sauti yake ilipokuja sikuziona zote mbili.

"Mheshimiwa, meza yako haiko tayari."

Nilimsikia akiweka kalamu chini.

"Endelea."

"Imegeuka nyeupe kwa unyevu. Inatibika, lakini mpaka hewa ikauke. Siku yenyewe siijui. Fundi naye haijui. Nilipokupa tarehe ile, sikuwa nimemuuliza mtu. Niliogopa kusema sijui."

"Na tarehe kumi na tano nina wageni."

"Ndiyo, mheshimiwa. Hapa ipo meza nyingine. Hatukuitengeneza sisi, inatoka kwenye boksi. Tunaweza kukuazima ufungue ofisi nayo, bila malipo, mpaka yako ikamilike."

"Nani ameamua hivyo?"

Nilitazama kupitia kioo. Tajiri alikuwa uani, amenipa mgongo, anagombana na seremala.

"Mimi," nikasema.

Nikasikia kalamu ikiinuliwa tena mezani.

"Binti, kazi yangu kutwa ni kusikiliza watu wenye uhakika. Mlalamikaji ana uhakika, mlalamikiwa ana uhakika. Leteni hiyo ya kuazima. Nikiipenda nitabaki nayo, na hiyo yenu mtajua wenyewe pa kuipeleka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Samahani."

"Samahani ya nini tena? Umeshasema."

Tajiri aliposikia ameketi kwenye kiti changu kinachozunguka, kikamzungusha kidogo. "Umemwazima mali ya watu?"

Shemeji ndiye aliyeniokoa, kwa sababu alikuwa akicheka. "Mwache. Ikishaingia pale, hatairudisha. Hilo ni tangazo la bure." Kisha akamgeukia Tajiri. "Ila suala la chumba liko pale pale."

Tajiri amefikiri. Amesema hivi: wakili akiichukua meza yetu, chumba kinabaki na mimi nabaki. Akibaki na ya Shemeji, tunakwenda wote wawili, mimi na Bi Kesho.

Nimemweleza Bi Kesho. Amesikiliza hadi mwisho. "Wewe ulisema hivyo? Kwa mdomo huo?" Kisha amecheka hadi amekohoa. Mvua haijakata.

15 Aprili

Wakili amefungua ofisi. Ameniambia kwa simu: "Meza ya kuazima imefika. Haina kasoro."

16 Aprili

Chumvi imelia.

21 Aprili

Chumvi imelia. Wakili amepiga simu. Nimeuliza meza inaendeleaje, nikisali kimyakimya ivimbe, ibanduke, ianguke.

"Haina kasoro," amesema. "Wageni wanaisifu."

Nimemwambia Bi Kesho. "Mbona umenuna? Kwani nani kasema ni mbovu? Ni nzima, kwa sasa." Anashona viraka vya vitambaa vyake.

24 Aprili

Birika la Wifi limekufa. Hata miezi mitatu halikufika. Nimelifungua kwa kisu cha jikoni, kama Bi Kesho anavyofungua kila kinachomtatiza, nikakuta waya umetoka. Nimeurudisha. Linachemsha. Wifi ameniangalia kama nimefufua mtu, kisha amehuzunika kidogo, maana alikuwa ameshachagua la rangi ya waridi.

28 Aprili

Chumvi imedondoka!

Nilikuwa napita tu nikamwona ameinua vidole, na chembe zikamwagika moja moja. Madirisha ameyafungua yote. Amefunga kanga kiunoni, amechovya pamba kwenye spiriti, kidogo tu, akaipeleka juu ya weupe kama anayemfuta mtu uso akiwa usingizini. Ameingia akitembea, ametoka akitembea. Mwanzo hakuna kilichotokea. Baadaye, pembeni kabisa, rangi ya kahawia ikafumbuka, ikaenea, na mistari ya mbao ikaonekana chini yake kama njia unaziona ukungu ukiondoka.

Simu imelia ofisini. Nimeiacha ilie mpaka aliponiambia, "Nenda bwana, meza haikimbii."

3 Mei

Kavu. Anafanya kazi tangu asubuhi. Sasa naweza kuona tofauti baada ya kila mzunguko, au najidanganya. Nimejua pia sauti yake: pamba ikiwa na polishi ya kutosha inanong'ona, ikipungua inalia kama kiatu kipya.

7 Mei

Mvua ya ghafla. Chumvi imelia. Amelala benchini. Nimemfunika miguu.

11 Mei

Amemaliza. Ameweka chini pamba, amejinyoosha, amesema, "Tumia macho, mikono mfukoni." Mimi, Tajiri na maseremala tumesimama kuizunguka, mikono mfukoni, na tulionekana ndani yake sote vichwa chini. Tajiri amejitengeneza kola.

"Leo naiita gari," amesema.

"Kesho," amesema Bi Kesho.

Polishi lazima ipumzike. Kwa juu ni kavu, ndani bado ni laini. Meza ikivingirishwa blanketi ikiwa laini, blanketi linachapa nyuzi zake juu yote. Kipimo ni dole gumba: chini ya ukingo, mahali pasipoonekana, unabonyeza na kungoja kidogo. Alama ikibaki, haiendi popote.

16 Mei

Naandika nikiwa bado ofisini, mlango wazi.

Bi Kesho hayupo leo, amempeleka mama yake hospitali. Saa nne gari la mizigo limesimama mlangoni na wakili ameshuka, kumbe Tajiri alimpigia bila kuniambia. Sikuwahi kumwona. Ni mfupi, ana miwani kichwani, na anatembea jinsi anavyoongea. Amekuja na wabebaji wawili na mablanketi.

Tajiri amemkimbilia. "Karibu, mheshimiwa, karibu! Iko tayari! Vijana, bebeni!"

Wakili ameitazama meza. Ameinama kutazama chini yake. Tajiri amenitazama, mimi nimetazama dari. Kisha wakili ameweka viganja vyake viwili juu ya ukingo, kama mtu anayetaka kuanza kuzungumza.

"Juzi," amesema, "ndugu wawili walikuja kwangu kugawana shamba la baba yao. Walikaa kwenye ile meza mliyoniazima tangu asubuhi. Haina kasoro ile meza. Lakini hakuna aliyeiegemea. Waliketi wima kama wako kituo cha polisi. Mimi nataka watu waegemee kabla ya kutia saini." Amewageukia wabebaji. "Ile nitainunua, itakaa chumba cha chai. Hii twende nayo."

Nilipaswa kufurahi tu. Wabebaji wamekunjua blanketi. Mimi nikapitisha mkono chini ya ukingo, nikabonyeza dole gumba, nikangoja. Nilipoinama, alama ilikuwepo, mistari yote ya kidole inasomeka.

"Hapana," nikasema.

Imetoka kubwa. Hata maseremala wamezima redio.

"Hapana nini?" amesema Tajiri, akitabasamu kwa meno tu.

"Haiendi leo. Bado laini. Blanketi litaichapa." Nimemshika wakili mkono, nimeupeleka chini ya ukingo, mpaka kidole chake kikaihisi. "Mheshimiwa, najua umeleta gari. Gari lirudi."

"Nimelipia gari hilo."

"Najua."

"Lije lini?"

"Nitakupigia. Siku sijaijua."

Tajiri amefungua mdomo. Wakili amemwinulia kidole bila kumtazama, kama wanavyofanya mahakamani nadhani, na mdomo umefungwa.

"Nikuulize, mwenye karakana. Huyu ndiye anayesema lini?"

Nimeona jasho juu ya mdomo wa Tajiri. Ametazama meza, ametazama gari, amenitazama mimi.

"Ndiye," amesema.

"Vizuri. Mwongezeeni kiti kizuri, hicho cha kuzunguka kinapiga kelele." Ameshusha miwani, amewaambia wabebaji wakunje mablanketi, ameondoka.

Tajiri amelitazama gari mpaka likapinda kona. Kisha amebonyeza dole gumba lake chini ya ukingo, akainama kulitazama. "Kumbe," amesema peke yake.

17 Mei

Bi Kesho ameelezwa na maseremala kabla sijamfikia, na kwa mdomo wao nimeshakuwa nimemfukuza wakili kwa ufagio. Mama yake hajambo. Shemeji amekuja kumwambia Tajiri kwamba ameuza meza, kwa hiyo na yeye hana ugomvi na mtu. Ghala amepata kwingine. Ameniachia kadi yake, endapo nitahitaji kazi ya haraka.

24 Mei

Alama haibaki. Nimempigia mwenyewe, bila karatasi. Meza imeondoka saa tano, imevingirishwa blanketi juu ya blanketi, Bi Kesho akiwatukana wabebaji hadi kwenye kona ya barabara. Chumba cha nyuma kimekuwa kikubwa ghafla. Tajiri ameagiza mbao za kabati, kisha amekuja mlangoni kwangu, miguu yote miwili ndani, kuuliza kama mteja wa kabati aambiwe tarehe gani.

"Nitamuuliza fundi," nimesema.

27 Mei

Leo wakili amepiga simu, na kwa mara ya kwanza ameongea bila koma.

"Binti nina tatizo. Nimewakataza watu wote kuweka kikombe juu yake. Karani wangu anaandikia magotini. Mimi mwenyewe nanywa chai nimesimama dirishani kama mlinzi. Wale ndugu wawili wamerudi na nimewaambia wasiguse. Sasa tufanyeje?"

Nilikuwa natafuta jibu Bi Kesho aliponinyang'anya simu. Hajui kuongea na simu, anaongea kama aliye upande wa pili yuko ng'ambo ya mto.

"Mama Wakili! Weka kikombe! Hiyo ni meza, si mgonjwa! Ikipata alama utanipigia, nitakuja na pamba yangu niitoe. Nitaitoa hata mara ishirini. Sasa waite hao ndugu waegemee!"

Hakungoja jibu. Amenirudishia simu, akaenda zake kuzikagua mbao za kabati. Nimeiweka sikioni. Nilidhani wakili amekata, lakini nimesikia kiti kikivutwa, kisha kingine, sauti ya mwanamume ikisema asante mama, na kikombe kikitua taratibu juu ya mbao.